Lori la Alfajiri

Alianza kuitwa Mwenyekiti kabla hajawa mwenyekiti wa kitu chochote. Aliomba mwenyewe. "Nizoesheni tu, nizoesheni," aliwaambia majirani huku anacheka, kama mtu anayetania, lakini ukimwita jina lake la zamani masikio yanaziba. Basi watu wakamwita. Kumpa mtu cheo cha mdomo ni bure, na yeye akisikia hivyo alikuwa anasimama wima, tumbo linaingia ndani, raha kumtazama.

Kazi yake ilikuwa kuuza vigae na masinki kwenye duka la kaka yake mkubwa. Kaka ndiye aliyeandikwa juu ya mlango, rangi nyekundu, herufi kubwa za kukaliwa na mtu. Yeye aliandikwa kwenye kadi ya kifuani, na chini ya jina: Msaidizi. Shuleni alikuwa kiranja msaidizi. Kwenye timu alikuwa kipa wa akiba, na mpira pekee uliomgusa ni ule uliotoka nje ukamkuta benchi. Hata kwenye picha za harusi yake, aliyetoka vizuri ni msimamizi wake. Ukishajua hayo utaelewa kwa nini kiti cha kamati ya wakazi, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, kilimkosesha usingizi. Wewe ungeona kiti kibovu. Yeye aliona mahali ambapo akiingia, wengine wanasimama.

Makazi yenyewe ni maghorofa manne yaliyozunguka uwanja wa saruji, geti moja, mlinzi mmoja, na tangi moja la maji ambalo mara nyingi mwenyeji wake ni buibui. Kiti kilikuwa cha Bi Nesi, muuguzi mstaafu, mama wa sauti ya chini na macho kama sindano. Sera yake neno moja: maji. Bomba likikauka anapiga simu, anamkaripia mtu huko, boza linakuja na tangi lake mgongoni, watu wanajaza ndoo. Sasa huwezi kupinga maji. Hata uwe mjinga namna gani, husimami mbele ya watu wenye ndoo tupu ukasema mimi na maji hatuelewani. Kwa hiyo Mwenyekiti akakaa, akafikiri, akachagua kelele.

Na hapo alilenga penyewe, kwa sababu kelele ilikuwepo. Kila alfajiri, watu wako kwenye ule usingizi mtamu wa mwisho, nyuma ya ukuta barabarani kulikuwa kunapita kitu. Kinaanza kwa kunguruma, kinapanda, kinapasuka pa! pa! kama mtu anayepiga mabati kwa nyundo. Vioo vinatetemeka, mtoto mchanga wa ghorofa ya tatu anaanza kulia, kisha kitu kinapotelea mbali. Hakuna aliyewahi kukiona. Walikipa jina tu, lori la alfajiri. Kuna waliosema linabeba kokoto, kuna waliosema linapeleka ng'ombe machinjioni. Mwenyekiti akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya uwanja, akanyoosha vidole vyake kumi. "Nipeni kiti, hilo lori nitalikamata kwa mikono yangu hii!" Watu wakapiga makofi hadi njiwa wakahama. Akachapisha na mabango: KIMYA KWANZA.

Shida ni moja tu. Lile lori lilikuwa lake.

Halikuwa lori, bwana. Lilikuwa gari lake mwenyewe, jeusi, milango minne, la mtumba lakini la mbio kweli kweli, na sura yake ya upole kama gari la daktari wa meno. Jioni likiingia getini linanyata, sauti yake mmmm, kama friji. Ungeapa kwamba gari lile haliwezi kumwamsha hata panya. Siri ilikuwa chini ya tumbo, kwenye ekzosi.

Aliyemfundisha siri hiyo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa ekzosi mwenye karakana ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Fundi mzuri, lakini mdomo wake haujafungwa tangu siku aliyozaliwa. Siku hiyo gari liko juu ya shimo, fundi yuko ndani ya shimo na tochi, somo linaendelea.

"Shemeji, inama uone. Moshi ukitoka kwenye injini unakuja na bomba hili. Ukifika hapa njia inagawanyika. Njia ya kwanza inaingia kwenye sailensa, hili tumbo nene. Humo ndani kuna vyumba vyumba, moshi unagonga kuta, unazungushwa, ukija kutoka umechoka, hauna sauti tena. Njia ya pili ndiyo hii, inakata moja kwa moja mpaka nje. Na hapa mlangoni mwa njia ya pili kuna kipepeo."

"Kipepeo gani tena?"

"Ndivyo tunavyokiita. Bati la duara, kama sahani ndogo, limekaa ndani ya bomba, linazunguka kwenye kijiti. Likikupa uso, njia imezibwa, moshi wote unarudi vyumbani, gari linakuwa pole. Likikupa ubavu, njia iko wazi, moshi unapita bila hodi. Hapo ndipo gari linapiga kelele mpaka mama mkwe anakimbia."

"Mama mkwe wangu ni mama yako."

"Ndiyo maana namjua. Sasa, ukiwa mwendo mdogo, moshi ni kidogo, njia nyembamba inatosha, huna haja ya kusumbua watu. Ukikanyaga mafuta, moshi unakuwa mwingi, injini inataka kutoa pumzi yote. Kipepeo kinafunguka chenyewe. Au ukitaka, unafungua kwa kitufe."

"Kitufe kiko wapi?"

Ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka. Shemeji hakukatishwa na jambo dogo kama hilo.

"Sikiliza hili, ndilo la maana. Kinachovuta kipepeo ni hiki kikopo, ndani yake kuna springi. Injini inanyonya hewa kwa mpira huu mwembamba, kikopo kinavutika, kipepeo kinafunga. Injini ikiacha kunyonya, springi inarudi, kipepeo kinafunguka. Umenipata? Kikiwa hakina nguvu, kiko wazi. Walioliunda waliona bora gari lipige kelele kuliko likabwe koo."

"Ndiyo, ndiyo, la waridi lipo," alisema Mwenyekiti. Alikuwa kwenye simu, anamjibu mteja wa sinki.

Tangu siku ile maisha yake yakawa na sehemu mbili. Ndani ya geti, kipepeo kimefungwa, Mwenyekiti anapunga mkono, anawaambia watoto wapunguze sauti. Akipita geti, akikata kona nyuma ya ukuta, kidole kinakwenda kwenye kitufe. Kuanzia pale mpaka kwenye mzunguko wa barabara hakuwa msaidizi wa mtu. Mgongo ulikuwa unasisimka. Alikuwa anacheka peke yake mle ndani kama mwendawazimu. Akifika dukani anazima, anavaa kadi yake, anaanza kupanga vigae kabla kaka hajaja kumuuliza kwa nini vimepangwa vibaya.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa anajua. Mke gani asijue?

"Baba Pacha, lori lako leo limewahi kuamka."

"Lori gani?"

"Nimesema tu."

Wakaliacha hapo. Mama Pacha hakuwa mtu wa kurudia neno.

Sasa mtu akiahidi kukamata lori, watu wanataka kuona lori. Wiki zikapita, lori halikamatwi, na wapiga kura wakaanza kuuliza. Mwenyekiti akaona bora akamate vinavyokamatika. Alianza na mpira wa watoto. Akaja kwenye redio ya fundi cherehani. Mwisho akamfikia jogoo wa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda chake cha kunyolea chini ya jengo la kwanza, na jogoo mwekundu aliyelala chini ya kiti cha wateja, mpole, anadonoa nywele zilizoanguka kama anakagua kazi. Mwenyekiti akaitisha kikao kwa ajili yake.

"Huyu jogoo anawika saa ileile lori linapita," alisema. "Ukisikiliza vizuri, nusu ya ile kelele ni yeye."

"Anawika kwa sababu lori limemshtua!" Kinyozi alisimama na mkasi mkononi. "Wewe kamata lori, uone kama atawika!"

"Lori tutalikamata. Kwanza tuanze na la nyumbani. Mkono hauanzi kunawa mgongoni."

Hiyo methali aliitunga palepale, lakini watu walitikisa vichwa kukubali. Kikao kikaamua jogoo aondoke, na siku ya pili akaingia sufuriani kwa jirani. Kinyozi hakugusa nyama. Mwenyekiti aliletewa paja kwenye bakuli, akalila lote, akasema chumvi imekaa vizuri. Na alfajiri iliyofuata lori likapita kama kawaida, tena kwa sauti zaidi, maana dereva alikuwa ameshiba.

Uchaguzi ukakaribia. Siku chache kabla, Mwenyekiti aliwasha gari uwanjani, asubuhi, watu wanapiga mswaki kwenye mabaraza, na gari likakohoa. Pa! Mara moja tu, kisha likatulia. Akashuka haraka, akatazama juu kwenye nyaya za umeme.

"Transfoma hiyo!" akapaza sauti. "Hata hilo nitalishughulikia!"

Mlinzi wa geti akatazama viatu vyake. Mlinzi ndiye aliyekuwa anamfungulia geti kila alfajiri, na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini alikuwa ameahidiwa koti la mvua na buti mpya Mwenyekiti akipita, na mtu mwenye buti zilizotoboka husikia vile anavyotaka.

Mwenyekiti akampigia shemeji simu akiwa amejifungia chooni.

"Mpira umechoka huo, unavuja hewa," shemeji alisema. "Ndiyo maana kipepeo kinacheza. Jumapili asubuhi nakuja na mpira mpya, kabla ya mkutano wenu. Usiguse kitu."

"Mimi nataka kifungwe kabisa. Jumapili sitaki hata kikohozi."

"Nitakifunga. Ila usiguse, shemeji. Mikono yako ni ya masinki."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba. Mikono ya masinki! Mikono aliyoinyoosha mbele ya watu, ya kukamatia lori!

Jumamosi jioni akarudi kutoka kazini, akaliegesha gari ndani tu ya geti, katikati kabisa, ili kila atakayeingia kesho alione. Akafunga bango kubwa juu ya boneti, KIMYA KWANZA, kwa kamba za viatu. Kisha akachukua mkasi wa jikoni wa Mama Pacha, akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Kinyozi alipita na taulo chafu begani akaona miguu miwili imetokeza.

"Umepoteza nini, Mwenyekiti?"

"Nafuta vumbi."

"Chini?"

"Usafi huanzia chini."

Kule chini alikuwa anafikiri, na hapo ndipo maafa mengi huanzia. Tochi ukitoa betri inazima. Redio ukichomoa waya inanyamaza. Hata mtu mwenye domo, mnyime chakula uone kama atapiga kelele. Basi na hiki kipepeo, ukikinyima nguvu yake, kitalala. Akaushika ule mpira mwembamba, akaukata kipande kizima, akakitia mfukoni, akatoka na mafuta usoni na furaha moyoni. Angeweza kujaribu. Lakini kujaribu ni kuwasha, na kuwasha, kama amekosea, ndiyo kelele yenyewe. Kwa hiyo hakujaribu. Aliamini.

Jumapili uwanja ukajaa. Bomba lilikuwa limekauka siku kadhaa, kwa hiyo watu walikuja uchaguzini na ndoo zao, maana Bi Nesi alishasema boza litakuja, saa hajui. Utaratibu wa kura pale ni rahisi: wagombea wanasimama pembe mbili za uwanja, anayekutaka anasimama nyuma yako, mlinzi anahesabu vichwa. Hakuna karatasi, hakuna kuiba. Bi Nesi akasimama karibu na tangi. Mwenyekiti akasimama karibu na gari lake, shati jeupe, mikono mgongoni.

Alihutubia kwa ufupi, kwa sababu ya sera yake. "Ndugu zangu, Bi Nesi amewapa maji, hatukatai. Lakini maji mtayanywa vipi kama hamjalala?"

Halikuwa na maana, lakini lilipigiwa makofi. Watu wakaanza kujipanga. Mstari wa Mwenyekiti ukakua, ukapita jengo la kwanza, ukafika kwenye ngazi za jengo la pili. Mama wa mtoto mchanga wa ghorofa ya tatu alikuwa wa mbele kabisa, mtoto amelala begani, macho ya mama mekundu kwa kukosa usingizi. Fundi cherehani aliyenyang'anywa redio naye alikuwepo. Watu ni wa ajabu. Nyuma ya Bi Nesi walisimama wazee wachache, na Kinyozi, mikono amekunja. Mwenyekiti alihesabu kwa macho, akahesabu tena. Alishaanza kujiuliza kile kiti akipake rangi gani.

Hapo ndipo shemeji akaingia anahema, mpira mpya umezungushiwa shingoni kama mkufu. Akamsogelea sikioni.

"Samahani shemeji, nimechelewa. Haya, lini tunafunga?"

"Umechelewa kweli. Nimeshamaliza mwenyewe," Mwenyekiti alinong'ona bila kugeuza shingo, tabasamu limemganda. "Nimeukata ule mpira. Kimelala."

"Umeukata?"

"Kwa mkasi."

Shemeji akaushika ule mpira wa shingoni kwa mikono miwili.

"Shemeji. Nilikwambiaje siku ile shimoni? Springi ndiyo inayofungua! Ukiukata ule mpira hakuna kinachovuta. Kiko wazi. Kiko wazi tangu jana. Ukiliwasha hili gari sasa hivi, hata kitufe hakikusaidii. Litalia kama siku ya kiama."

"Basi siliwashi."

"Usiliwashe."

"Nani kasema naliwasha? Limeegeshwa, litalala hapo hapo."

Na hapo hapo, nje ya geti, honi ikapiga. Pooo! Boza la maji.

Uwanja mzima ukashangilia, mistari yote miwili. Mlinzi akafungua geti pande zote. Boza likaingiza pua, likasimama, kwa sababu mbele yake kulikuwa na gari jeusi lenye bango.

"Tusimamishe kuhesabu kidogo," alisema Bi Nesi kwa ile sauti yake ya wodini. "Maji kwanza. Baba, tusogezee gari."

Mwenyekiti akaegemea mlango wa gari. "Tumalize kura kwanza, Bi Nesi. Demokrasia haikatizwi."

"Demokrasia yetu ina ndoo," mtu akajibu, watu wakacheka.

Dereva wa boza akatoa kichwa dirishani, mswaki mdomoni. "Oya, nina mitaa mingine mitatu inanisubiri. Gari la nani hili?"

"La Mwenyekiti!"

"Mwenyekiti, toa gari!"

"Limeisha mafuta," Mwenyekiti alisema.

"Sawa, tunasukuma!" Vijana wakaacha mstari, wakakunja mikono ya mashati, raha imewajaa. Shemeji akataka kumsaidia, akaharibu: "Haya magari ya kisasa hayasukumiki, gia haitoki bila kuwasha."

"Basi awashe! Kama limefika hapa jana, mafuta ya kusogea hatua mbili hayakosi!"

Mwenyekiti akamkata shemeji jicho ambalo lingeweza kukaanga yai. "Niingie chini niunge mpira?" shemeji akanong'ona. "Nipe muda kidogo tu."

"Mbele ya watu wote hawa? Watauliza unaunga nini!"

Na kweli wangeuliza. Lakini kama angekubali aibu ile ndogo, angeikwepa kubwa. Hakukubali. Akajipapasa mifuko, moja moja, kwa makini, kama mtu anayejipekua mwenyewe, na mkono ukatoka na kile kipande cha mpira cha jana. Akakirudisha haraka.

"Jamani, funguo nimeziacha dukani. Dukani kumefungwa. Ndiyo bahati mbaya hiyo."

Dereva wa boza akatema povu. "Mimi naondoka. Mkishapata funguo mtanipigia, nitakuja wiki ijayo." Akaanza kurudi nyuma, boza likaanza kulia pi, pi, pi. Uwanja ukaguna. Watu wote wakamgeukia Mwenyekiti, na nyuso zilikuwa zimeshabadilika. Mama wa mtoto mchanga alikuwa anamtazama yeye, kisha ndoo yake, kisha yeye.

"Baba Pacha."

Alikuwa mkewe, amesimama kwenye mlango wa jengo lao na beseni la nguo chafu kiunoni, nguo za pacha za siku nyingi, zinanuka mpaka huku. Mkono wa pili umeinua kitu kinachong'aa.

"Funguo ya akiba hii hapa," alisema Mama Pacha. "Ilikuwa kwenye kikombe, pale unapoiwekaga."

Watu wakapiga vigelegele. Funguo ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia mwenyewe, na kila aliyeipitisha alisema, "Asante, mama." Mwenyekiti akaingia garini taratibu kama mtu anayepanda kiti cha kung'olewa jino. Akatazama kitufe. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena. Akafumba macho, akawasha.

Sijui niseme nini. Gari la mbio lililolala usiku kucha na baridi, likiwashwa linaamka na hasira zake lenyewe, hata usipogusa mafuta. Na safari hii hakukuwa na vyumba, hakukuwa na kuta, hakukuwa na kuzunguka. Moshi ulikata moja kwa moja. Pa! Pa-pa! Kisha ukafuata ule mngurumo, unapanda, unagonga ghorofa la kwanza unarudi kwa la pili, vioo vyote vinacheza, njiwa wote angani, bango la KIMYA KWANZA linatetemeka juu ya boneti kama lina homa. Ndoo moja ikaanguka ikaanza kujiviringisha yenyewe. Mwenyekiti akalisogeza pembeni kwa aibu, polepole, akidhani polepole itasaidia. Haikusaidia. Akazima.

Ukimya ulioingia pale, ndio ukimya aliowaahidi.

Na katikati ya ukimya huo, mtoto mchanga wa ghorofa ya tatu akaanza kulia. Kilio kilekile cha alfajiri, kwa sauti ileile, kama santuri. Mama yake akamtazama mtoto. Akalitazama gari. Akachukua ndoo yake, akatoka kwenye mstari.

Kinyozi ndiye aliyesema. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. "Jogoo wangu, Mwenyekiti. Jogoo wangu alikuwa nusu ya kelele. Nusu nyingine ndiyo hii?"

"Transfoma..." Mwenyekiti alianza.

Hakumaliza. Boza lilikuwa limeshaingia, limesimama karibu na tangi, karibu na Bi Nesi, na mpira mnene umeshushwa. Watu wakajipanga na ndoo nyuma ya Bi Nesi, mstari ukazunguka uwanja mzima. Mlinzi akahesabu mstari wa ndoo, akauita kura, hakuna aliyebisha. Alihesabu kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekata tamaa ya buti. Mama Pacha alikuwa humo ndani na beseni lake, na alipohesabiwa alijibu, "Nipo."

Nyuma ya Mwenyekiti walibaki vijana wawili waliokuwa wanaruka ruka wakisema, "Mzee, washa tena! Washa tena tusikie!" pamoja na shemeji.

"Shemeji si mkazi," alisema mlinzi. "Namtoa."

Shemeji alifunga ule mpira mpya jioni ileile, na gari likarudi kuwa pole. Lakini siku hizi linapita nyuma ya ukuta kwa kunyata, kidole kiko mbali na kitufe, kwa sababu kwenye kila dirisha kuna mtu anasikiliza. Mwenyewe anaitwa Lori. Hakuomba. Akiitwa anajifanya hasikii, na hilo halijamsaidia, maana jina la bure na la kulazimishwa yote yanaandikwa kwa wino mmoja.

Ndevu zilimzidi. Alivumilia mpaka kaka yake dukani akamwambia anatisha wateja, ikabidi aende kwa Kinyozi, kibanda kingine kiko mbali. Akakaa. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akampaka povu nene mpaka chini ya pua, akanoa wembe polepole kwenye mkanda wa ngozi.

Chini ya kiti kukawa na mkwaruzo wa kucha. Jogoo mpya, mweupe, bado kijana, akatoa kichwa katikati ya miguu ya mteja, akanyoosha shingo, akawika kwa nguvu zake zote. Sauti yake mbovu, imepasuka, saa yenyewe siyo.

Wembe ulikuwa umeshafika kooni.

"Vipi, Lori?" Kinyozi akauliza. "Anakusumbua?"

Lori, mdomo umejaa povu, kidevu juu, hakuthubutu hata kutikisa kichwa.

"Nilijua hakusumbui," alisema Kinyozi, akaanza kunyoa.